Jiwe la nusu kilo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwenye simu: ikiwa tunahesabiwa haki, yaani Mungu anatukubali kuwa wenye haki, kwa imani pasipo matendo, ya nini kujihangaisha na utakatifu? Nilikaa kimya kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake.

Unalikumbuka duka letu la Darajani. Jiwe la mizani la nusu kilo lilikuwa limetobolewa chini, likazibwa kwa nta. Nililinunua nikijua. Nilikuwa na kipaimara changu, Jumapili nashiriki meza ya Bwana, Jumatatu nawapunja watu sukari.

Siku moja nimepiga magoti kanisani Mkunazini, Unguja, nikapakumbuka mahali penyewe. Kanisa lile lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwapo hapo. Nilikuwa nasali pale watu walipotiwa bei, na mizani yangu inaningoja dukani. Nikawawaza watumwa waliookolewa majahazini wakapewa makao Mbweni. Hawakujinunua. Walikuwa huru kabla ya kujua kusoma wala kushika kazi. Sasa mtu kama huyo akirudi mwenyewe kila jioni kwa bwana wake wa zamani, uhuru wake una kazi gani?

Ndivyo Paulo anavyouliza. Warumi 5 anasema tumekwisha kuhesabiwa haki, tuna amani na Mungu, sura ya 6 anauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, na anajibu: "Hasha!" Yakobo naye, anayesema imani pasipo matendo imekufa, simwoni akigombana na Paulo. Anaikataa imani ya mdomoni, kama ile yangu.

Jiwe nililitupa baharini. Sikulitupa ili Mungu anikubali, mwanangu. Alikuwa amenikubali nikiwa nalo mkononi, na hilo ndilo lililonishinda kuvumilia.

Lakini usidhani niliamka mwema. Kuhesabiwa haki ni mara moja. Kutakaswa, yaani kufanywa mtakatifu kidogo kidogo, bado naendelea nako na mvi hizi. Hata kwa jiwe zima, kidole changu kilikuwa kinajiendea chenyewe kwenye sahani ya mizani.

Bibi jirani yetu, niliyempunja kuliko wote, nilimfuata nikamwambia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaja dukani akataka kilo mbili za mchele, nikampimia, mkono wangu wa kushoto nimeuweka mgongoni.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako