Kabla hujabomoa nyumba ya zamani

Mafundi wengi wa Dar es Salaam wana ushauri mmoja kwa nyumba ya zamani: shusha yote. Nilipoanza kukarabati nyumba tuliyoachiwa na wazazi huku Temeke, wa mwanzo niliowaita walitembea kutoka barazani hadi uani, wakagongagonga ukuta, wakasema, "Dada, hapa unapoteza hela. Tuanze upya." Aliyefuata, mtu mzima kidogo, aliomba ngazi kwanza akapanda kuangalia darini. Kazi nikampa yeye.

Watu wakisikia ukarabati unaojali mazingira wanawaza paneli za sola na vifaa vya bei mbaya. Mimi nasema kinachookoa zaidi ni kile ambacho hukununua. Saruji inapatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu. Mchanga nao una kwao: wanaokaa kando ya mito ya Mbezi na Tegeta wanajua kingo zinavyoliwa pale unapochimbwa. Ukuta uliosimama miaka hamsini bila nyufa za kutisha umeshalipa gharama hiyo yote. Ukiuvunja unailipa tena, na mazingira yanailipa pamoja nawe.

Sasa joto, maana ndilo linalowakimbiza watu dukani kununua kiyoyozi.

Nyumba yetu ni ile ambayo wengi mmekulia: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani penye jiko na choo. Aliyebuni ramani ile hakuwa mjinga. Ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo wa kusi au wa kaskazi unapita nyumba nzima bila kuuliza. Leo tunakarabati kwa kuziba mwisho wa korido ili tupate stoo au chumba chenye choo cha ndani, kisha tunashangaa kwa nini usiku hapalaliki. Mimi niliiacha korido wazi, nikaweka mlango wa nyuma wa nondo na wavu wa mbu, basi mlango wa mbao wa ndani unabaki wazi mpaka muda wa kulala. Juu ya milango ya vyumba tulirudisha tofali za matundu ambazo mtu alizipiga plasta zamani, sijui kwa urembo gani.

Na kabla hujang'oa madirisha ya mbao kuweka ya aluminiamu ya kusukuma, kumbuka jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia: dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo kinachopokea jua. Ukitaka ya aluminiamu, agiza ya kufunguka nje kama mlango. Yetu ya mbao za mninga tuliyapiga msasa na mafuta, yakarudi kazini. Mbao ya namna ile ukienda kuitafuta leo, jiandae kwa bei yake.

Lakini adui mkubwa yuko juu. Bati likipigwa na jua la Februari linaunguza hewa ya darini, dari nayo inakuangushia joto hilo mpaka saa sita usiku, hata kama nje kumeshapoa. Dawa yake ni rahisi ajabu. Toboa matundu makubwa kwenye pembetatu za ukuta pande zote mbili za paa, ya juu kabisa karibu na kofia ya paa, ili hewa ya moto itoke. Ziba kwa wavu mgumu, la sivyo unawakaribisha popo, na popo hawahami. Kisha paka bati rangi nyeupe ya paa. Nyeupe inarudisha jua lilikotoka. Majirani waliuliza kama nimefungua zahanati. Bado pangaboi inatosha, kiyoyozi sijanunua.

Kama paa lako ni la zile karatasi za saruji za zamani zenye asbesto, sahau niliyosema kuhusu kutoboa. Usilikate, usilivunje, usiliruhusu fundi alipige msumeno. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Tafuta wanaojua kuziondoa zikiwa nzima na zimeloweshwa.

Maji ni hesabu nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni ya jioni moja tu, ni lita 2,000. Sisi tulikuwa tunayaacha yaende barabarani, kisha tunanunua maji ya bowza. Weka gata yenye mteremko wa kweli, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uelekeze bomba kwenye tangi. Mfuniko ubane, na mdomo wa bomba uwe na wavu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotulia majumbani. Tangi wazi ni bora usiwe nalo.

Uani ndiko tulikobishana na kaka yangu. Yeye alitaka pevingi kote, pang'ae. Sasa kila mtaa ukifunika ardhi yake, maji yaende wapi? Yanakwenda kwa jirani wa bondeni. Tulikubaliana njia za kupita tu ndizo ziwekwe, tena kwa kuacha nafasi zenye kokoto kati ya tofali na tofali bila kumimina zege chini. Mwarobaini wa upande wa magharibi ulibaki. Kivuli chake cha saa kumi hakuna pazia litakalokiweza.

Kwa wenzangu wenye nyumba za mawe na chokaa, Unguja, Bagamoyo, Pangani au Mombasa: msikubali plasta ya saruji juu ya ukuta ule. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chokaa huuachia utoke. Saruji inaufungia ndani, chumvi inachanua, na baada ya misimu michache plasta inabanduka mapande mapande ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ukuta. Chokaa inataka muda na fundi mvumilivu. Mpate huyo kwanza, rangi baadaye.

Rangi zenyewe sina mengi. Ndani tumia za maji, na rangi kuukuu ya mafuta usiisugue ikiwa kavu watoto wakiwa karibu, kwani huenda ina madini ya risasi.

Jambo la mwisho lijadiliwe siku ya kupatana bei, si kazi ikishaanza: kifusi kinakwenda wapi? Ukinyamaza, kirikuu itakibeba usiku na kukimwaga korongoni au kwenye mtaro. Sisi tulimwambia fundi kila tofali zima lisafishwe na kupangwa, na vipande vyote vishindiliwe chini ya sakafu ya jiko jipya badala ya kununua mawe. Alitaka nyongeza ya vibarua kwa kazi hiyo. Nikampa, na bado ilikuwa nafuu kuliko lori la mawe.