Mtoto anaandika bila nukta, anza na masikio yake

Dada nimekuelewa, mwanao ana miaka 7, anajaza ukurasa mzima bila nukta hata moja, na ukimkumbusha anaziweka kila mwisho wa mstari. Hiyo ya mwisho wa mstari ni kawaida sana, anadhani sentensi inaisha pale karatasi inapoishia, kwa hiyo mwandikie sentensi fupi mbili kwenye mstari mmoja, na nyingine ndefu ivuke mpaka mstari wa pili, aone mwenyewe.

Mimi nimefundisha madarasa ya chini na kilichonisaidia zaidi ni sauti. Kwa Kiswahili swali na taarifa vinaweza kuwa na maneno yaleyale kabisa. Andika "Baba amelala" mara mbili, moja weka nukta, nyingine alama ya kuuliza, msome wote kwa sauti, asikie tofauti. Wanaipenda hii! Baadae chukua alichoandika yeye, msomee mfululizo bila kuvuta pumzi mpaka akwambie pumzika, hapo ndo umpe penseli aweke nukta, na herufi kubwa inayofuata. Alama ya mshangao iache kwanza, wakishaijua wanaimwaga kila mahali.

Dakika 10 kwa siku zinatosha, na tafadhali usimjazie kalamu nyekundu, atachukia kuandika. Ila kama hata kusoma kunamsumbua, au herufi zinamchanganya muda mrefu, ongea na mwalimu wake mapema na macho yapimwe pia.