Nyumba mbovu ya bei nafuu: naweza kuinunua na kuikarabati kwa fedha za benki?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nimepata nyumba inayouzwa kwa bei ya chini kwa kuwa paa linavuja na nyaya za umeme zimechakaa. Benki moja inayojiita ya Kiislamu iko tayari kuinunua na kuniuzia kwa faida, nilipe kwa awamu. Fedha za ukarabati watanipa taslimu, na faida itahesabiwa juu ya jumla ya vyote viwili. Je, inajuzu? Na wakikataa kubadilisha masharti, naruhusiwa kuchukua mkopo wa riba kwa hoja ya dharura?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Kuhusu nyumba yenyewe, jambo ni jepesi. Benki kuinunua kisha kukuuzia kwa faida inayojulikana ni murabaha, nayo ni biashara, na Mwenyezi Mungu "ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba" (Al-Baqara: 275). Sharti ni nyumba iingie kweli kwenye miliki ya benki kabla hujauziwa, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Paa likianguka wakati nyumba ingali ya benki, hasara ni ya benki. Mkataba ukikutupia wewe hasara hiyo, basi hao hawakununua kitu, wamekukopesha tu.

Tatizo ni fedha za ukarabati. Wengi huteleza hapa kwa sababu macho yao yote yako kwenye nyumba. Ukipewa taslimu ukatakiwa kurudisha zaidi, hiyo ni riba, na kuijumlisha na bei ya nyumba hakuigeuzi kuwa biashara. Waambie wanunue mabati, nyaya na saruji, wavimiliki, kisha wakuuzie kwa murabaha ya pili. Kazi ya ufundi ifungiwe mkataba wa istisnai: benki ijifunge kukukabidhi paa la sifa fulani kwa bei fulani, na kumtafuta mkandarasi iwe juu yao.

Ningekuwa mimi, ningeulizia kwanza ijara inayoishia kwenye umiliki. Humo mwenye nyumba ni benki na wewe ni mpangaji mpaka umalize, na asili ya fiqhi ni kwamba matengenezo makubwa, yale ambayo bila hayo nyumba haikaliki, ni juu ya mwenye mali. Wewe una matunzo ya kawaida. Katika ushirika unaopungua, yaani wewe na benki mnamiliki nyumba pamoja nawe unanunua hisa zao kidogo kidogo, kila mmoja hubeba kwa kadiri ya hisa zake. Ukiwa na robo ya hisa halafu ukabebeshwa paa zima, usitie saini. Watu hulinganisha viwango vya faida tu, na kwa nyumba mbovu kipengele hiki huenda kikawa kizito zaidi mfukoni.

Muuzaji naye anawajibika kueleza kasoro anazozijua. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Kasoro uliyoiona ukairidhia haikupi haki ya kurudisha nyumba, ile iliyofichwa ndiyo inayokupa. Kwa hiyo peleka fundi akague kabla benki haijanunua.

Ama hoja ya dharura, siioni hapa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikwishapitisha mwaka 1985 kwamba riba ya benki ni ile ile iliyoharamishwa. Wako wanaotegemea fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ya mwaka 1999, lakini ile ilitolewa kwa Waislamu wanaoishi katika nchi zisizo za Kiislamu, na ilifungwa kwa masharti, mojawapo likiwa kukosekana njia mbadala. Wewe njia unayo, imebaki kurekebishwa. Na kumbuka Mtume (s.a.w.) hakumlaani mla riba peke yake: alimtaja na anayeitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa (Muslim).

Rudi kwao uwaombe watenganishe mikataba, kisha uisome yote kabla ya kutoa malipo ya awali. Wakishikilia taslimu kwa nyongeza, chukua murabaha ya nyumba peke yake, uanze na paa kwa fedha zako, umeme ufuate utakapojaaliwa.

Wallahu aalam.