Kazi Tano na Daftari Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uyole aliniandikia: "Shikamoo mzee wangu. Nimebadili kazi mara nne na ndugu zangu wananiita mtu asiyetulia. Nifanyeje?" Marahaba, mwanangu. Mimi nimefanya tano, na baba mkwe wangu aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba binti yake ameolewa na upepo. Mahari yote nililipa, lakini neno hilo halijanitoka.

Nilianza kwa kuchuma chai Mufindi, kazi isiyo na mengi ya kusimulia: ulilipwa kwa kilo, na asubuhi za Juni vidole vilikufa ganzi. Kisha nikaingia kwenye kupasua mbao. Mashine zilikuwa hazijafika kwetu, hivyo gogo lililazwa juu ya shimo na kupigwa mstari kwa uzi uliopakwa masizi ya betri kuukuu. Mmoja alisimama juu akiufuata mstari, na mwingine alikaa shimoni akivuta msumeno huku unga wa mbao ukimwingia machoni. Kwa miaka miwili nilikuwa wa shimoni, kwa sababu wa juu ndiye aliyekuwa mwenye msumeno.

Nilipopata mtaji kidogo nikawa nanunua viazi vijijini na kuvipeleka Makambako, ambako malori ya Dar es Salaam hupakia. Wakulima niliwafungia lumbesa, gunia lenye kilemba, nikawalipa bei ya gunia la kawaida. Naliungama hilo kwa sababu nami nilionjeshwa: tajiri mmoja niliyemwita kaka alichukua magunia 60 kwa ahadi ya siku tatu, bila maandishi yoyote. Nilipompigia, mtu alipokea na kusema nimekosea namba, kwa sauti ya kaka yule yule. Jioni ile nilinunua daftari pale stendi, nikapanda gari kurudi nyumbani bila kitu kingine mkononi.

Miaka minne ya ufundi baiskeli naipita. Aliyetulisha ni mke wangu, kwa mahindi mabichi na maharage ya vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi. Ndiye pia aliyenisukuma kupanda misindano kwenye ekari mbili za mlimani, mita tatu kwa tatu, miche kama 450 kwa ekari. Watu hudhani ukishapanda miti unalala. Kila kiangazi nilikwatua barabara ya moto kuzunguka shamba lote, kwa sababu wapo majirani wanaochoma mabua na kwenda kunywa ulanzi. Mwezi uliopita, baada ya miaka 16, tuliuza. Fedha zimelipa ada ya chuo ya binti yetu na kuezeka nyumba. Baba mkwe alikwisha kufariki, na nakiri kwamba nilitamani ayaone mabati yale.

Kwa hiyo, kijana, badili kazi, lakini andika. Andika ulichotoa na aliyekichukua, hata akiwa shemeji yako. Ninyi vijana mnaiachia simu itunze kila kitu, na ikiibwa mnabaki mnalia. Usiliache shamba la baba yako likae pori eti uko mjini unatafuta. Panda hata miti 50, kisha andika tarehe.

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu bado unasomeka "magunia 60". Mke wangu husema niuchane, kwa kuwa tumekwisha kupata kikubwa kuliko viazi vile. Sijauchana.