Maswali ya Wasomaji: Matairi ya Gari la Raha

SWALI: Ndugu mwandishi, pokea salamu kutoka Moshi. Nina Mazda Roadster ya mwaka 2007, ile ya viti viwili na paa la turubai, ambayo niliiagiza kutoka Japani miaka mitatu iliyopita. Kazini naenda na Noah. Hii naitoa Jumamosi na Jumapili tu, aghalabu kwenda Marangu, na nikipata siku nzima ninashuka hadi Mombo na kupanda Lushoto. Matairi niliyolikuta nayo, 205/45R17 84W, sasa yameisha. Rafiki yangu anataka nifunge rimu za inchi 18 na matairi ya 215/40. Fundi anasema ninunue ya mtumba kutoka Japani kwa kuwa kashata zake, yaani mpira unaokanyaga lami, bado ni nene. Muuzaji mmoja hapa mjini ananishawishi nichukue yale yanayokaribia ya mashindano. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Moshi, ningekuwa mimi nisingemfuata yeyote kati ya hao watatu, ingawa muuzaji wako amekosea kidogo kuliko wenzake.

Tuanze na hizo namba, kwa maana jibu la rafiki yako limo humo. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo, nayo inatupa kimo cha ubavu, yaani ule mpira ulio kati ya rimu na lami. Kwako ni milimita 92. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 84 ina maana kwamba tairi moja linabeba hadi kilo 500, na W kwamba limepimwa kuhimili mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Gari lako lina uzani wa kilo 1,100 hivi, kwa hiyo kuhusu mzigo huna la kuhofia.

Sasa tazama anachokupendekezea rafiki yako. Tairi la 215/40R18 lina ubavu wa milimita 86, na kipenyo chake kizima ni kama milimita 629 badala ya 616 za sasa. Gurudumu zima limekua kwa asilimia mbili, kwa hiyo mshale wa mwendo utasoma chini kidogo ya ilivyokuwa na gia zitakuwa nzito kidogo wakati wa kupanda mlima, lakini mpira unaokukinga na shimo umepungua. Rimu kubwa pia kwa kawaida huwa nzito zaidi, na uzito ulioko kwenye gurudumu ndio ambao shokapu hupata shida kuutuliza pale barabara inapokuwa na mawimbi. Kwenye gari jepesi kama hilo utauhisi mara moja mikononi, na hautakufurahisha.

Mimi ningekwenda upande wa pili kabisa. Mazda yenyewe, ilipotoa kizazi hicho cha Roadster mwaka 2005, iliyatoa baadhi ya magari yakiwa na rimu za inchi 16 na matairi ya 205/50R16. Ubavu wa tairi hilo una milimita 102, na kipenyo chake ni milimita 611, tofauti ambayo haifiki hata asilimia moja na wala mshale wa mwendo hautaisumbukia. Unapata sentimita moja zaidi ya mpira kati ya rimu na shimo, na mara nyingi unapata pia bei nafuu. Ukumbuke kwamba gari hilo lilitoka kiwandani bila tairi la spea: kwenye buti kuna dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme. Dawa hiyo huziba tundu la msumari, lakini ubavu uliochanika kwa kugonga ukingo wa lami hauzibiki kwa dawa wala kwa fundi, na kati ya Same na Mombo jua ni kali sana kwa mtu anayesubiri gari la kubeba gari. Zitafute rimu za asili za inchi 16 kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Rimu, tofauti na tairi, ni kitu ambacho unaweza kununua cha mtumba kwa amani, mradi izungushwe kwanza mbele yako kwenye mashine ya balansi uone kama haikupinda.

Kuhusu mtumba wa matairi wenyewe, fundi wako anatazama unene wa kashata tu, na unene hauelezi habari yote. Japani ina mikoa yenye baridi kali na theluji, na magari mengi ya huko yana seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi. Ya baridi hutengenezwa kwa mpira laini makusudi, ili usikakamae kwenye barafu, na kashata zake zimechanjwa vichane vingi vyembamba kama kitana. Ndiyo maana huja yakiwa manene na mazuri kwa macho. Kisha kwenye lami ya Moshi saa nane mchana yanakuwa kama ubani uliotafunwa. Usukani unajibu kwa kuchelewa, tairi linaisha upesi, na kwenye breki ya ghafla gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Ukiona ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, mrudishie mwenyewe.

Halafu kuna umri. Kila tairi lina msururu wa herufi na namba unaoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarehe hiyo huenda imechapwa ubavu mmoja tu. Niliwahi kununua matairi manne "mapya" katika duka moja ambalo sitalitaja, yakafungwa nikiwa nakunywa chai, na nilipofika nyumbani nikaona kwamba upande wa nje una msururu usio na tarehe. Ilinibidi nilale chini ya gari na tochi ya simu ndipo nikasoma umri wake: miaka sita. Yalikuwa mapya kwa maana ya kwamba hayajawahi kukanyaga lami, lakini mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tangu siku hiyo nasoma tarehe kabla tairi halijapandishwa kwenye mashine, na chai nakunywa baadaye.

Sasa muuzaji. Matairi anayokuuzia yanashika lami kavu vizuri mno, na sitasema uongo kwamba hayapendezi kuyaendesha. Tafuta ubavuni neno TREADWEAR na namba inayolifuata. Namba hiyo hulinganisha uchakavu wa tairi na tairi la kipimo lenye 100, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu. Kila kiwanda hujipangia namba yake chenyewe baada ya majaribio, kwa hiyo usiitumie kulinganisha kampuni moja na nyingine kwa tofauti ndogondogo. Hata hivyo, tairi lenye 200 au chini yake kwa kawaida limeundwa likilenga uwanja wa mbio: mifereji ni michache, mpira ni laini, linaokota kila kokoto na kulirushia rangi ya gari lako. Wakati wa masika maji yanateremka kutoka mlimani yakikatiza kona za Lushoto, na gari jepesi lenye mifereji michache huelea juu ya maji mapema kuliko gari zito.

Basi utafute tairi la barabarani la daraja la spoti, lenye TREADWEAR ya 300 hivi, na neno TRACTION likifuatiwa na AA au A. Kipimo hicho cha pili ni cha kufunga breki kwenye lami na zege iliyolowa, nacho ndicho mimi hukisoma kwanza. Herufi V, yaani kilomita 240 kwa saa, inakutosha. Yawe manne ya aina moja, yasizidi mwaka mmoja au miwili tangu kutengenezwa, na ukiweza kuchagua, yasiwe na alama ya XL, kwa kuwa tairi lililoimarishwa kwa mzigo mzito litakuwa gumu bure chini ya gari la kilo 1,100.

Baada ya kufunga, pima alaimenti ya magurudumu yote manne. Roadster inarekebishika mbele na nyuma, na fundi akikwambia kuwa nyuma hakurekebishiki, tafuta mwingine. Upepo uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, ambao kwa gari lako ni 200 kPa, sawa na psi 29, nao upimwe asubuhi kabla tairi halijapata moto. Vijana wa vituo vya mafuta wamezoea kujaza 35 kwa kila gari linalosimama mbele yao, na ukiwaachia, Roadster yako itaruka kwenye kila tuta kama mpira wa kikapu.

SWALI: Hujambo mhariri? Mimi ni msomaji wa Nairobi na ninaendesha Toyota 86. Matairi ya nyuma yameisha kabla ya yale ya mbele. Je, ninaweza kununua mawili tu? Na kwa kuwa najua kwamba yale ya kiwandani yalikuwa ya kawaida, ni vyema nipande daraja?

JIBU: Sijambo, ndugu. Mawili yanaruhusiwa ikiwa yaliyobaki mbele yana mifereji ya zaidi ya milimita 3 na unaweza kupata aina ileile kabisa. Pima kwa rula ndogo, si kwa jicho. Tairi jipya huwa na milimita 7 au 8, na vile vinundu vilivyojificha ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6, ambayo katika nchi nyingi ndiyo kikomo cha sheria. Uwezo wa kusukuma maji umeshaondoka kabla ya hapo. Mapya yakae nyuma, kama utakavyofanya. Mbele ikiteleza, gari linanyooka na mtu wa kawaida anapunguza mwendo. Nyuma ikitangulia kuteleza kwenye mteremko wa Mai Mahiu, una nusu sekunde ya kuwa fundi wa usukani.

Kuhusu kupanda daraja, 86 ilipotoka mwaka 2012 ilifungwa Michelin Primacy HP ya 215/45R17, tairi la utulivu na la kudumu ambalo ungelikuta hata chini ya magari ya familia. Hapakuwa na ubahili hapo. Wahandisi walitaka gari ambalo linaanza kuteleza taratibu, kwa mwendo ambao dereva bado ana nafasi ya kulisikia na kulirudisha. Tairi la namna hiyo hulia kabla ya kuachia, na kilio hicho ni sehemu ya burudani uliyoinunua. Ukifunga linalong'ang'ania kupita kiasi, utalazimika kwenda kasi zaidi ili upate raha ileile, na litakapoachia litaachia ghafla. Panda daraja moja ukipenda, kwa ajili ya breki za wakati wa mvua, na vipimo ubaki navyo vilevile.

SWALI: Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Muscat. Porsche Boxster yangu hukaa gereji muda mwingi, na matairi yana miaka tisa lakini kashata ni kama mpya. Wenzangu wananiambia niyaache. Unasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Yatoe. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Viwanda kadhaa vya magari hutaja sita. Joto ndilo linaloharakisha uzee huo, na kiangazi cha Muscat huvuka nyuzi 40. Mpira hukauka, ukapoteza ulaini unaoufanya ushike lami, na kashata nene zikabaki kama soli za kiatu kilichosahauliwa darini.

Wengi mnakumbuka ajali ya Novemba 2013 huko California iliyomuua mwigizaji Paul Walker na rafiki yake aliyekuwa akiendesha. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, na sitaki kuligeuza hilo. Lakini ripoti yao ilitaja pia kwamba matairi ya Porsche Carrera GT ile yalikuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba huenda hali yake iliathiri namna gari lilivyotulia barabarani. Gari la thamani kubwa, la kilomita chache, lenye matairi ya zamani: ni habari inayofanana mno na ya gereji yako.

Utakapofunga mapya, angalia kama kwenye ubavu kuna alama N0, N1 au nyingine ya namna hiyo. Ni alama ya matairi yaliyokubaliwa na Porsche yenyewe, na usichanganye yenye alama tofauti. Boxster ina upana mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa hiyo hakikisha duka haliletei manne ya kufanana. Kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo nenda polepole, kwa sababu uso wa tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani unaohitaji kusuguliwa na lami. Kisha toa gari walau mara moja kila wiki mbili ili lisikae kwenye sehemu ileile ya mpira, na uziandike zile tarakimu nne za DOT kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitabu cha gari, kwani baada ya miaka mitano utakuwa umezisahau.