Kumwandikia barua mfungwa nisiyemjua: inafaa, na nianzeje?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Kuna watu wanaoratibu barua kwa wafungwa wasio na jamaa wa kuwaandikia. Nimejiandikisha, nikapewa majina mawili nichague moja: mwanamume Muislamu na mwanamke asiye Muislamu. Moyo wangu ulimwelekea yule ndugu kwa sababu ya dini. Mume wangu hapendi. Anasema aliyefungwa kafungwa kwa haki, na anachelea tusije tukawaonyesha majambazi mlango wa nyumba yetu. Je, jambo hili lina msingi katika dini? Nimchague nani? Na nikishika kalamu niandike nini, nimuulize kosa lake? Karatasi iko mezani siku nyingi, tupu.

JIBU

Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Dada yangu, jambo hili linajuzu, na kwa nia njema ni katika mema yanayopendeza. Msingi wake uko wazi. Katika Surat Al-Insan, aya ya 8 na 9, Allah anawasifu waja wema kuwa wanamlisha chakula masikini, yatima na mfungwa, huku wao wenyewe wanakipenda chakula hicho, na wanasema: tunakulisheni kwa ajili ya Allah tu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Ibn Abbas (R.A.) alisema mateka wa zama zile walikuwa washirikina. Kwa hiyo wema huu haukuanza kwa kuulizana dini. Ukiongeza aya ya 8 ya Surat Al-Mumtahina, isemayo kwamba Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini, utaona kuwa huyo mwanamke hana kasoro ya kumnyima barua yako.

Basi mchague yeye. Barua za mwezi baada ya mwezi, baina ya mwanamke mwenye mume na mwanamume ajinabii aliye mpweke, zina mlango ambao sote tunaujua, na barua zinaufungua kwa urahisi kuliko mazungumzo ya ana kwa ana, kwa kuwa mtu kwenye karatasi huwa mzuri kuliko alivyo. Sisemi kuwa huyo ndugu ana nia mbaya, wala wewe. Nasema upweke una nguvu zake. Naye jina lake lisirudishwe hivi hivi: mpe mumeo. Haki ya Muislamu kwa ndugu yake Muislamu itatimizwa na mwanamume mwenzake, na huenda hapo mumeo akapata jawabu ya hofu yake bila mimi kusema sana.

Lakini niseme kidogo, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa. Ni kweli wengi walioko ndani wamehukumiwa kwa haki, na wako watu nje wanaoumia mpaka leo kwa waliyotendewa. Hatuwatetei wahalifu dhidi ya waliodhulumiwa. Ila hukumu ya hakimu ina kiasi chake, na kifungo ndicho adhabu yenyewe. Kumnyima mtu hata salamu ni nyongeza ambayo hakuna mahakama iliyoiandika. Imo katika Sahihi Bukhari: aliletwa mtu aliyekunywa pombe akapigwa, kisha mmoja wa waliokuwapo akamwombea fedheha. Mtume (S.A.W.) akawaambia wasiseme hivyo, wasimsaidie shetani dhidi yake. Adhabu ilitekelezwa, na ulimi ukazuiwa. Tena si kila aliye ndani amehukumiwa, wapo mahabusu wanaosubiri kesi, na wapo waliofungwa bila kosa, kama Nabii Yusuf (A.S.) aliyekaa gerezani miaka kadhaa baada ya yule mwenzake, aliyemwomba amtaje kwa bwana wake, kutoka akasahau.

Huko kusahauliwa ndiko ninakotaka ukuzingatie kuliko jambo lolote katika jibu hili. Watu wengi huniuliza kama mfungwa atawadhuru. Ni wachache wanaouliza kama wao watamdhuru mfungwa. Mtu asiye na wa kumwandikia amekwisha kuzoea, kwa uchungu wake, kwamba jina lake haliitwi barua zinapogawiwa. Wewe ukiandika mara tatu kwa hamasa, kisha shughuli zikakuzidi ukanyamaza, umemrudisha pale pale, na mara hii akiwa na sababu ya kujiuliza amekosa nini. Afadhali usingeanza. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa amali ipi inapendwa zaidi na Allah, alisema ile inayodumu hata ikiwa kidogo. Na Allah anasema katika Surat Al-Isra, aya ya 34, kuwa ahadi itaulizwa. Kwa hiyo pima kwanza: unaweza barua moja kwa mwezi? Basi iwe hiyo moja, usiahidi mbili. Unaweza mwaka mmoja tu? Mwambie mapema.

Sasa namna ya kuanza. Kuna kisa cha Thumama bin Uthal, bwana mkubwa wa kabila la Banu Hanifa, aliyetekwa akaletwa Madina na kufungwa kwenye nguzo ya msikiti. Mtume (S.A.W.) alimwendea akamuuliza: "Una nini, ewe Thumama?" Akajibu jawabu la mtu mwenye kiburi chake bado: ukiua, unaua mtu mwenye damu ya kulipiziwa, ukifanya hisani, unamfanyia mwenye kushukuru, ukitaka mali, taja. Mtume akamwacha. Kesho yake akamwendea tena, akauliza swali lile lile. Siku ya tatu vile vile. Kisha akaamuru afunguliwe, bila sharti. Thumama akaenda penye mitende karibu na msikiti, akaoga, akarudi akatoa shahada mwenyewe.

Tazama Mtume wa Allah alivyomwanza mfungwa: kwa swali, na kwa kurudi. Riwaya haitaji hotuba yoyote kwenye nguzo ile. Nasema hivi kwa sababu nawajua waumini wetu. Barua ya kwanza huwa mawaidha kurasa nne, na mwisho kuna orodha ya dhambi kubwa. Usifanye hivyo. Hata kwa Muislamu usifanye. Umar bin al-Khattab (R.A.) alipopata habari kuwa mtu fulani wa Sham (nchi za Syria na jirani zake), aliyekuwa akija kwake, amezama katika ulevi, alimwandikia barua. Kama alivyoinukuu Ibn Kathir, barua yote ni salamu, kumhimidi Allah, na aya ya mwanzo wa Surat Ghafir: Mwenye kusamehe dhambi, Mwenye kupokea toba, Mkali wa kuadhibu. Pombe haikutajwa hata mara moja. Yule bwana akawa anairudia na kulia mpaka akaacha. Mumeo akae na kisa hiki kabla ya kumwandikia yule ndugu.

Wewe, andika ukurasa mmoja. Mwite kwa jina lake, na salamu ya kawaida ya watu yatosha. Ukipenda kuanza na Bismillah, anza, Mtume (S.A.W.) aliianza nayo barua yake kwa Heraclius, mfalme wa Warumi, aliyekuwa Mkristo. Sema jina lako la kwanza, sema jina lake umelipataje, maana mtu akipata barua kwa asiyemjua jambo la kwanza anashangaa kajulikanaje. Kisha mweleze kitu kimoja kidogo cha maisha yako, umuulize swali moja jepesi, umwambie utaandika tena lini. Kwa mfano:

"Jina langu ni fulani. Nimepata jina lako kwa wanaoratibu barua hizi, nikapenda kukuandikia. Mimi ni mama wa nyumbani, na jioni hushona. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, nguo zote nimezianua zikiwa mbichi. Ningependa kujua wewe unapenda kufanya nini ukipata nafasi, na kama unapenda kusoma, unasoma nini. Si lazima unijibu upesi, wala si lazima unijibu. Nitakuandikia tena mwanzoni mwa mwezi ujao."

Hiyo inatosha. Utaona ni barua nyepesi mno, na nafsi itakuambia uongeze jambo zito. Isikushinde. Habari ya mvua kwa mtu asiyetoka nje kwa hiari yake si habari nyepesi. Ila usijisifie safari na karamu, wala usilalamike kuwa nyumba imekuwa "jela".

Kosa lake usiulize. Akipenda atasema, na akisema sikiliza bila kuhukumu wala kumtakasa; usimwambie "najua hukufanya", kwani hujui. Unaweza kuwauliza waratibu, kabla hujaanza, kama kuna jambo la usalama unalopaswa kulijua. Hiyo ni tahadhari, haimo katika upelelezi uliokatazwa katika Surat Al-Hujurat. Lakini kuchimbua kesi yake kwenye intaneti usiku kucha, kisha ukamwandikia kesho kana kwamba hujui lolote, hilo silipendi. Na atakachokuambia ni amana, kisiwe simulizi ya kwenye harusi. Isipokuwa akieleza kuwa anakusudia kujidhuru au kumdhuru mtu, au kwamba anadhuriwa: hapo waarifu waratibu siku hiyo hiyo.

Kuhusu kesi yenyewe, usiiguse kwenye barua. Barua zinafunguliwa na kusomwa na askari magereza, na neno lililoandikwa kwa kumfariji linaweza kumrudia vibaya kwenye rufaa. Usikubali pia kupeleka ujumbe wa mtu mwingine, hata ukionekana wa kawaida, wala kumpigia mtu simu kwa niaba yake.

Mumeo ana haki kuhusu anwani, na katika hili mtii kwa moyo mkunjufu. Tumia sanduku la posta au anwani ya waratibu. Usitaje mtaa, shule ya watoto wala mahali pa kazi, na jina la kwanza pekee lakutosha. Juu ya bahasha andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu za gereza pamoja na namba yake ya mfungwa, la sivyo inaweza kupotea humo ndani. Ulizia masharti ya gereza lenyewe kabla ya kutia chochote zaidi ya karatasi: mengi hayapokei manukato, vibandiko wala pini, na baadhi hutoa nakala wakampa mfungwa hiyo badala ya barua yenyewe. Kuna magereza yanayoruhusu stempu ya kujibia na yapo yasiyoruhusu. Tia tarehe na namba kila barua ili ajue kama kuna iliyopotea. Na andika kwa herufi za kusomeka. Huenda hajui kusoma vizuri, na mwenzake ndiye atakayemsomea kwa sauti mbele ya wengine, kwa hiyo usiandike la kumwaibisha.

Mwambie mumeo pia kuwa hamfanyi jambo la kificho. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinataka katika kanuni ya 58 mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, kwa barua pia, chini ya usimamizi unaohitajika.

Pesa. Huenda akaomba, na kuomba kwake si dalili kuwa alikuwa akikulaghai, hana kitu. Amueni leo wewe na mumeo, kabla ya kuombwa, na ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza msitoe. Mjibu kwa upole mara moja: mimi naweza barua tu. Mkitaka kutoa sadaka, ipitie kwa waratibu iende kwa wafungwa wote, ili barua isiwe na bei.

Na dini? Akiuliza, mjibu kwa unyoofu. Asipouliza, usiifanye barua mtego. Kaab bin Malik (R.A.), alipokuwa amegomewa na watu wa Madina kwa siku 50 baada ya kubaki nyuma katika vita vya Tabuk, aliletewa barua na mfalme wa Ghassan, Waarabu Wakristo wa Sham: tumesikia mwenzako (yaani Mtume, S.A.W.) amekutenga, njoo kwetu tukuliwaze. Kaab akasema huu nao ni mtihani, akaitia kwenye tanuri. Mfalme yule alijua saa ya kuandika. Alitafuta mtu aliyevunjika. Sisi tunajua jinsi barua hiyo inavyonuka inapokuja kwetu, basi tusiwaandikie wengine kwa hesabu kama hiyo.

Mwisho, kutojibiwa. Wiki nyingi zinaweza kupita. Barua hukaa kwenye ukaguzi, mfungwa huhamishwa, au huachiwa. Wengine pia hawajibu kwa sababu hawaamini kuwa utaandika tena. Tuma ya pili siku uliyoahidi, na ya tatu, bila kumlaumu kwa kimya chake. Ikirudi, au kimya kikiendelea baada ya hiyo ya tatu, waulize waratibu kama bado yupo na kama anataka kuendelea. Akisema hataki, muache kwa amani, nao watakupa jina la mwanamke mwingine.

Wallahu aalam.