Maua ya kukata, uanzie mbegu gani Wete?

Pole sana mwenzangu kwa kuondokewa na mama. Umeuliza uoteshe maua gani ya kukata na kutia chomboni, upate cha kukutoa ndani asubuhi. Asumini na kilua viweke kando, vitakuchelewesha. Anza na zinia, ua la msimu mmoja lenye rangi nyingi. Mbegu zitie vuli ikianza, Oktoba, kina cha nusu sentimita. Huchipua ndani ya wiki, na maua huja baada ya miezi miwili hivi. Mche ukifika shibiri moja, ukate ncha. Roho itakuuma, lakini ndipo unapotoa matawi. Kabla hujakata ua, shika kikonyo ukitikise: kikilegea, bado. Maji mwagia shinani, majani yakilowa hushika ukungu. Mtihani ni kuku wa jirani, zungushia makuti. Na siku huna hamu ya kutoka, usijikalifishe, zinia inavumilia.